Kwa Nini Ndege Huzunguka Kabla ya Kutua

(Sauti: ndege inashuka na kukaribia. Ghafla injini inanguruma, ndege inapanda tena. Sauti inafifia.)

MTANGAZAJI:

Sauti hiyo huenda si ngeni kwako. Familia zimefika kwenye kiwanja cha ndege tangu asubuhi. Wakubwa wameshika ule mfuko mweupe wa IOM wenye nyaraka za safari. Watoto wamevaa nguo zao nzuri. Ndege inaonekana kwa mbali, inashuka, inashuka, magurudumu yanakaribia kugusa ardhi. Mara injini inanguruma na ndege inapanda tena juu, inaondoka. Mama mmoja anashika kichwa. Mtu anasema, "Wametukataa." Mwingine anasema, "Safari imevunjika."

Baada ya dakika chache, ndege ileile inarudi na kutua salama.

Ni nini kilitokea? Pengine rubani aliona punda kwenye njia ya kurukia. Pengine aliona au alisikia ndege nyingine iko karibu mno. Hakuwakataa abiria. Alikuwa anawalinda. Leo tutaeleza jinsi marubani wanavyoepuka kugongana angani karibu na viwanja vidogo, na kwa nini wewe unayeishi jirani na kiwanja una sehemu yako katika kazi hiyo.

KIWANJA KISICHO NA MNARA

Ukienda Nairobi, Entebbe au Kigali, utaona mnara wa kuongozea ndege. Ndani yake wamo watu wanaozungumza na marubani kwa redio. Wanaiambia ndege hii ishuke, ile isubiri, nyingine igeuke.

Viwanja vingi vidogo vinavyohudumia kambi na vijiji vyetu havina mnara kama huo. Kuna njia ya kurukia, mara nyingi ya udongo au changarawe. Kuna mlingoti wenye mfuko wa kitambaa unaojaa upepo, ili rubani ajue upepo unatoka wapi. Pengine kuna kibanda na walinzi. Basi.

Hata hivyo, kiwanja kama hicho kinaweza kupokea ndege kadhaa kwa asubuhi moja. Moja imeleta wafanyakazi wa misaada kwa huduma ya ndege za kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, UNHAS. Nyingine imekuja kuchukua wakimbizi wanaohamia nchi ya tatu. Nyingine imemfuata mgonjwa. Zote zinataka kipande kilekile cha ardhi, na hakuna mtu wa kusema nani atangulie.

Hapo marubani wanategemea mambo matatu: kufuata njia moja angani, kusema walipo, na kutazama kwa macho. Tuyachukue moja baada ya jingine.

JAMBO LA KWANZA: NJIA MOJA ANGANI

Chukua kijiti, uchore kwenye mchanga. Chora mstari mnene kutoka magharibi hadi mashariki. Hiyo ndiyo njia ya kurukia. Tuseme leo upepo unatoka mashariki. Ndege hutua na kuruka ikiukabili upepo, kwa sababu upepo wa mbele huisaidia kupaa mapema, na huisaidia kusimama bila kuhitaji njia ndefu. Kwa hiyo leo ndege itatua ikielekea mashariki.

Sasa chora mstatili upande wa kaskazini wa njia hiyo. Ndege ikiruka inakwenda mashariki. Inageuka kushoto, inaelekea kaskazini kidogo. Inageuka kushoto tena, na sasa inarudi magharibi, sambamba na njia ya kurukia, upepo ukiisukuma kwa nyuma. Ikishapita mwisho wa njia, inageuka kushoto kuelekea kusini, huku ikishuka. Inageuka kushoto mara ya mwisho, inaikabili njia na kutua.

Mstatili huo ndio barabara ya ndege angani. Haina lami wala alama, lakini kila rubani amefundishwa kuifuata. Kwa kawaida hugeuka kushoto, isipokuwa kiwanja kimepangiwa kugeuka kulia, labda kwa sababu ya mlima au makazi ya watu. Kushoto kuna maana yake. Rubani mkuu huketi upande wa kushoto, hivyo akigeuka kushoto anakiona kiwanja dirishani kwake.

Urefu wa kwenda juu nao umepangwa. Ndege ndogo huzunguka takribani futi 1,000 juu ya ardhi, yaani mita 300 hivi. Ndege kubwa na zenye kasi zaidi kwa kawaida huzunguka juu zaidi, takribani futi 1,500.

Faida yake ni hii: rubani anayejua barabara ilipo anajua pia pa kuwatafuta wenzake. Ni kama kwenye foleni ya mgao. Watu wakisimama kwa mstari mmoja, unajua aliye mbele yako na aliye nyuma yako. Wakija kutoka kila upande, hakuna anayejua zamu ni ya nani, na hapo ndipo watu huumia.

JAMBO LA PILI: SEMA ULIPO

Kila kiwanja kina masafa yake ya redio, kama vile kipindi hiki kina masafa yake. Rubani anayekaribia kiwanja kisicho na mnara hufungua masafa hayo mapema, husikiliza nani yupo, kisha hutangaza. Hamwambii mtu mmoja. Anawaambia wote.

Huzungumza kwa Kiingereza. Tukiuweka ujumbe wake kwa Kiswahili, na huu ni mfano tu, ungekuwa hivi:

(Sauti ya redio ya ndege:) "Ndege zilizo Kakuma. Hapa ni Caravan. Niko maili 10 kusini ya kiwanja, nashuka. Nitaingia mzunguko kwa kushoto, nitue. Kakuma."

Sikiliza alivyoanza na kumaliza kwa jina la kiwanja. Viwanja viwili vinaweza kutumia masafa yaleyale, na rubani wa mbali asije akadhani ujumbe unamhusu. Kisha ametaja mambo matatu: mimi ni nani, niko wapi, nataka kufanya nini. Atatangaza tena akiwa sambamba na njia, akigeuka, na akiikabili njia ili atue.

Lakini redio ina udhaifu wake. Watu wawili wakisema kwa wakati mmoja, hakuna anayesikika vizuri. Na sauti haina uso.

Tarehe 19 Novemba 1996, katika kiwanja kidogo kisicho na mnara huko Quincy, jimbo la Illinois nchini Marekani, ndege ya abiria ilikuwa inakuja kutua. Rubani wake aliuliza redioni kama ndege iliyokuwa imesimama kwenye njia nyingine, inayokatiza ile ya kwake, ingesubiri. Jibu likaja. Lakini aliyejibu hakuwa yule aliyeulizwa. Alikuwa rubani wa ndege ya tatu, iliyokuwa nyuma kwenye foleni. Sehemu ya maneno yake ilifunikwa na sauti ya kifaa kilicholia ndani ya ndege ya abiria. Wale waliokuwa wanatua wakaamini kwamba wamejibiwa na aliye mbele, na kwamba anasubiri. Hakuwa anasubiri. Alianza kuruka. Ndege hizo mbili ziligongana pale njia zinapokutana, na watu wote 14 waliokuwa ndani yake walikufa.

Ajali hiyo ilitokea ardhini, lakini somo lake ni la angani pia: kusikia sauti redioni si sawa na kujua nani amesema.

(Muziki mfupi.)

JAMBO LA TATU: TAZAMA

Kwa sababu hiyo rubani hutakiwa kutazama nje, hata kama redio iko kimya. Pengine kuna ndege ambayo redio yake imeharibika au imewekwa kwenye masafa mengine.

Je, kuona ndege angani ni rahisi? Tufanye hesabu. Ndege mbili zinakabiliana, kila moja inakwenda kilomita 200 kwa saa. Kwa pamoja zinasogeleana kwa kilomita 400 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mita 100 kwa kila sekunde. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani imekadiria kwamba rubani huhitaji takribani sekunde 12 na nusu kuona kitu, kukitambua, kuamua, kugeuza usukani, na ndege yenyewe kuanza kuitikia. Katika muda huo ndege hizo zitakuwa zimesogeleana karibu kilomita moja na nusu. Ukiwa umbali huo, ndege ndogo ni nukta tu angani.

Na kuna jambo jingine la ajabu. Unaweza kulijaribu wewe mwenyewe.

Tuseme unatembea kuelekea njia panda. Kutoka kulia kwako anakuja mtu wa baiskeli kuelekea njia panda hiyohiyo. Ukitazama na kuona anasogea kwenda mbele yako, atapita kwanza. Ukiona anabaki nyuma yako, utapita wewe. Lakini kila ukigeuka ukimwona palepale, usawa uleule wa bega lako, ila anazidi kuwa mkubwa, basi mtagongana njia panda.

Angani ni hivyohivyo. Ndege itakayokugonga haionekani ikikatiza dirisha. Inaonekana kama doa lililoganda kwenye kioo, dogo, halisogei. Kisha, katika sekunde za mwisho, linakuwa kubwa ghafla. Macho yetu huvutwa na kitu kinachosogea, na kile kisichosogea hutuponyoka. Kwa hiyo rubani hufundishwa kutazama anga kipande kwa kipande, akituliza macho kidogo kila mahali.

Tena ndege yenyewe humzuia. Ndege yenye mabawa juu ya dirisha huficha kilicho juu yake. Ndege yenye mabawa chini huficha kilicho chini yake. Sasa fikiria ndege mbili zinashuka kuelekea njia moja, yenye mabawa ya chini ikiwa juu, na yenye mabawa ya juu ikiwa chini. Zinaweza kukaribiana bila yeyote kumwona mwenzake.

NANI AMPISHE MWENZAKE?

Sheria za kimataifa za anga zinajibu. Ndege mbili zikikabiliana, kila moja hugeuka kulia. Zikikatizana njia, anayemwona mwenzake upande wake wa kulia ndiye anayepisha. Anayempita mwenzake hupita kwa kulia. Na ndege inayotua hupishwa. Kama mbili zinakuja kutua, iliyo chini zaidi hutangulia, lakini rubani haruhusiwi kushuka haraka makusudi ili amwingilie mwenzake mbele.

Sheria ni nzuri. Shida huja pale mtu anapoharakisha.

Tarehe 18 Agosti 2022, huko Watsonville, jimbo la California, kiwanja kingine kisicho na mnara, rubani mmoja peke yake alikuwa anazunguka kwa ndege ndogo, akifuata mstatili kama ule uliouchora. Ndege nyingine, yenye injini mbili na watu wawili ndani, ikaja kutoka mbali moja kwa moja kuelekea njia ya kurukia, bila kuingia kwenye mzunguko, na kwa kasi kubwa kuliko ya kutulia. Marubani wote wawili walikuwa wanatangaza redioni. Wote wawili walisikika. Yule wa ndege ndogo alipotambua kwamba mwenzake anamjia kwa nguvu nyuma yake, alisema atapanda aondoke. Muda haukutosha. Ndege ziligongana zikiwa chini sana, karibu na kutua. Watu wote watatu walikufa.

Kusema walisema. Lakini mmoja alikuja kwa kasi ambayo haikumwachia mwenzake nafasi. Kuja moja kwa moja hakukatazwi kila mahali, ila anayefanya hivyo anapaswa kujipanga na walio kwenye mzunguko. Kutangaza redioni hakumpi mtu haki ya kupita kwanza.

MNARA NA MITAMBO HAVIFUMBI MACHO

Huenda unajiuliza, je, kila kiwanja kikiwa na mnara, tatizo si limekwisha? Mnara husaidia sana, lakini haumalizi kazi. Kiwanja cha Wilson jijini Nairobi kina mnara. Tarehe 5 Machi 2024, ndege ya abiria iliyokuwa imeruka kutoka Wilson kwenda Diani, ikiwa na watu 44, iligongana angani na ndege ndogo ya mafunzo. Ndege ya abiria ilirudi ikatua salama. Ile ndogo ilianguka ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, na watu wawili waliokuwemo, mwanafunzi na mwalimu wake, walikufa.

Ndege kubwa pia huwa na kifaa kinachotambua ndege nyingine na kumwamuru rubani apande au ashuke. Lakini kifaa hicho hakiioni ndege ambayo haitoi mawimbi ya kujitambulisha. Tena karibu na ardhi, chini ya takribani futi 1,000, huacha kutoa amri hizo, ili kisimpeleke rubani kwenye hatari nyingine. Huko chini ndiko mzunguko wa kutua ulipo. Macho ya rubani ndiyo yanayobaki.

SEHEMU YAKO WEWE

Sasa, msikilizaji, turudi kwa yule punda.

Rubani akiona punda, mbuzi au mtoto kwenye njia, hawezi kutua. Anapanda tena na kuuanza mzunguko upya. Hilo ni jambo la kawaida, na marubani hulifanyia mazoezi. Lakini wakati huo rubani ana mengi mno mikononi: injini, magurudumu, redio. Na pengine nyuma yake kuna ndege nyingine iliyotarajia kwamba yeye ameshatua. Foleni iliyokuwa imepangika inavurugika. Mnyama mmoja ardhini anaweza kuzikaribisha ndege mbili angani.

Kwa hiyo tunakuomba ufanye haya.

Usikatize njia ya kurukia, hata kama huoni ndege. Ndege inayokwenda kilomita 200 kwa saa humaliza kilomita moja kwa sekunde 18. Mama aliyebeba kuni, na mtoto mkononi, hawezi kushindana na sekunde hizo. Zunguka, hata kama njia ni ndefu.

Mifugo isilishwe kando ya njia hiyo. Ukiona mbuzi au ngamia wameingia, au uzio umekatwa, mwambie mlinzi mara moja. Usidhani mwingine ameshasema.

Waambie watoto wasirushe tiara karibu na kiwanja, na wasikimbilie ndege inapotua. Takataka nazo zisitupwe hapo, kwa sababu huvuta tai na korongo, na hao nao ni hatari kwa injini na vioo.

Na siku yako ya kusafiri ikifika, funga mkanda mpaka uambiwe ufungue. Katika ndege ndogo unaweza kuketi nyuma tu ya marubani. Wakati wa kuruka na kutua usiwasemeshe bila sababu, kwani ndio wakati wanaposikiliza redio na kutazama nje. Lakini ukiona ndege nyingine iko karibu, usiogope kuwaonyesha. Huhitaji kujua Kiingereza. Kidole kinatosha. Katika ndege kubwa, mwambie mhudumu. Usifikiri kwamba ni lazima wameshaiona.

Na ndege ikipanda tena badala ya kutua, watulize walio karibu nawe. Waambie, "Hajatukataa. Ameona kitu. Atarudi."

(Muziki wa kipindi unaingia taratibu.)

YA KUKUMBUKA

Kwenye kiwanja kisicho na mnara, marubani hulindana kwa kufuata njia moja angani, kwa kusema walipo, na kwa kutazama. Lolote kati ya hayo likikosekana, mawili yaliyobaki hulemewa. Na njia ya kurukia iliyo wazi huwapunguzia marubani mzigo.

MASWALI YA KIKUNDI CHA WASIKILIZAJI

1. Katika eneo letu, watu na mifugo hukatiza wapi kwenye kiwanja cha ndege? Kuna njia gani nyingine wanayoweza kutumia?

2. Chora mzunguko kwenye mchanga, upepo ukiwa unatoka magharibi. Ndege itatua ikielekea wapi? Ikizunguka kwa kushoto, itapita upande gani wa njia?

3. Nani katika bloki yetu atakuwa mtu wa kumjulisha mlinzi pakitokea hatari kiwanjani?

Mpendwa msikilizaji, kwa leo tunaishia hapo. Ukisikia ndege inazunguka juu yako, sasa unajua rubani anafanya nini huko juu. Tukutane tena katika kipindi kijacho. Kwaheri ya kuonana.